Tathmini ya SaWS: Huduma Inayouona Mwani wa Bahari Kuu Bila Kuufuata

Mtu anayefungua kwa mara ya kwanza ramani za Sargassum Watch System, huduma ya bure ya Chuo Kikuu cha South Florida ambayo watumiaji huiita SaWS, huenda akadhani amekosea ukurasa. Mahali alipotarajia kuona zulia la mwani wa kahawia kama lile la picha za magazetini, hukuta bahari kubwa iliyotobolewa na mapengo ya mawingu, na juu yake nyuzi nyembamba za rangi zinazojipinda kama kitambaa kilichofumuka. Mimi pia nilihitaji siku kadhaa kuyazoea macho hayo mapya. Sasa nimeitumia msimu mzima, nikilinganisha picha za siku moja moja, mkusanyo wa siku saba na taarifa ya kila mwezi, na uamuzi wangu ni huu: katika kazi ya kuonyesha mwani uko wapi na ni mwingi kiasi gani katika bahari nzima, sijaona chombo cha bure kinachoishinda; lakini katika kazi ya kulifuata fungu moja la mwani tangu leo hadi wiki ijayo, haitoshi, na haikuundwa kwa ajili hiyo. Lawama nyingi ninazozisikia juu yake hutoka kwa watu waliozichanganya kazi hizo mbili.

Mwani wenyewe ndio unaoifanya kazi kuwa ngumu. Sagasamu, yaani mwani huo wa kahawia unaozungumziwa hapa, ni ya spishi mbili, Sargassum natans na Sargassum fluitans, ambazo tofauti na mwani mwingi hazishiki mwamba wala mchanga wakati wowote wa maisha yao. Huelea kwa vifuko vidogo vya hewa vyenye umbo la tunda, na huongezeka kwa kukatika: tawi linalovunjika huendelea kukua peke yake, na hali ikiwa nzuri mwani huo unaweza kujizidisha maradufu katika muda usiofika wiki tatu. Kwa karne nyingi ulijulikana zaidi katika Bahari ya Sargasso, ile bahari isiyo na ufuo inayozungukwa na mikondo ya Atlantiki ya Kaskazini, ambako Christopher Columbus alipita katikati yake mwaka 1492. Kisha ukafika mwaka 2011, na mwani ukaanza kulundikana katika visiwa vya Karibi na katika pwani za Afrika Magharibi kwa wingi ambao wakazi hawakuwa wameuzoea. Maelezo yanayokubalika na watafiti wengi ni kwamba pepo zisizo za kawaida za majira ya baridi ya 2009 na 2010 ziliusukuma mwani kuelekea kusini hadi kwenye maji ya tropiki, ukapata mwanga na virutubisho, ukabaki huko. Picha za setilaiti za Juni 2018 zilionyesha mkanda wa kilomita 8,850 ulioanzia Afrika Magharibi hadi Ghuba ya Meksiko, wenye uzito unaozidi tani milioni 20. Mwezi Mei 2025 Chuo Kikuu cha South Florida kilikadiria tani milioni 37.5.

Kitu cha ukubwa huo kingepaswa kuonekana kirahisi. Tatizo ni kwamba neno mkanda linadanganya, kwa sababu sehemu kubwa ya mkanda huo ni maji matupu, na mwani uliomo ndani yake umetawanyika katika mafungu, vipande na misururu ambayo mara nyingi haizidi mita chache kwa upana ingawa inaweza kuwa mirefu mno. Upepo ndio unaoipanga hivyo: unapovuma juu ya maji huzalisha mizunguko midogo iliyolala sambamba na njia yake, na pale maji ya mizunguko miwili yanapokutana na kuzama, kila kinachoelea hukusanyika na kubaki juu. Baharia aliye juu ya sitaha huiona misururu hiyo vizuri. Setilaiti iliyo umbali wa takriban kilomita 700 huiona kwa namna nyingine kabisa.

Namna hiyo ndiyo roho ya SaWS, na inastahili kuelezwa kwa utulivu. Maji ya bahari hufyonza karibu mwanga wote wa infraredi ya karibu, ule usioonekana kwa macho ulio jirani na mwekundu, kwa hiyo katika mwanga huo bahari ni nyeusi. Mwani unaoelea, kama jani lolote la kijani, hufyonza mwanga mwekundu na kuurudisha ule wa infraredi. Mwaka 2009 Chuanmin Hu wa chuo hicho alichapisha kipimo kilichoitumia tofauti hiyo, na baadaye yeye na Mengqiu Wang wakakiboresha kiwe kile kinachojulikana kwa herufi AFAI. Kipimo hiki huchora mstari ulionyooka kati ya urefu wa mawimbi wa nanomita 667 na nanomita 869, kisha huuliza mwanga wa nanomita 748 umepanda juu ya mstari huo kwa kiasi gani. Pakiwa na maji matupu haupandi. Pakiwa na mwani, hupanda. Uzuri wake ni kwamba hakitegemei mwangaza wenyewe bali umbo lake, na kwa sababu hiyo vumbi la jangwani, ukungu mwepesi na mng'aro hafifu wa jua, ambavyo huinua mawimbi yote matatu karibu kwa pamoja, havikichanganyi sana. Nimewahi kuziona picha za kawaida za eneo lililofunikwa na vumbi la Sahara ambamo jicho halitambui chochote, huku ramani ya kipimo ya siku hiyohiyo ikionyesha misururu bila shida. Hapo ndipo nilipoanza kuiheshimu huduma hii.

Heshima hiyo isimfanye mtu asahau hesabu. Kipimo hiki hutumia hasa vifaa vya MODIS vilivyomo katika setilaiti za Terra na Aqua za NASA, na mikanda ya mwanga kinayoihitaji ina nukta za picha zenye upana wa kilomita moja. Nukta moja, basi, ni mita za mraba milioni moja. Waundaji wa kipimo wameonyesha kwamba kinaweza kuutambua mwani hata ukiwa umejaza takriban sehemu mbili tu kwa elfu za nukta, jambo ambalo kwa kweli ni la kustaajabisha. Lakini sehemu mbili kwa elfu za nukta hiyo ni mita za mraba 2,000, na kwa kuwa vipimo vilivyofanywa baharini vimeupa mwani ulioshikamana uzito wa wastani wa kilo 3.34 kwa kila mita ya mraba, tunazungumzia karibu tani saba za mwani ambazo zinaweza kupita chini ya setilaiti bila kuandikwa. Kwa anayekadiria hali ya Atlantiki nzima, tani saba si kitu. Kwa mwenye boti ndogo ambaye mwani huo utaingia katika bomba la kupozea injini, ni balaa. Ramani inapoonyesha maji safi, maana yake halisi ni kwamba hakuna mwani uliovuka kizingiti. Anayeisoma vinginevyo ajilaumu mwenyewe.

Kuna pia suala la kutambua ni mwani gani. Kipimo huitikia kitu chochote cha kijani kinachoelea, na katika maji ya tropiki yapo makundi madogo ya bakteria wa Trichodesmium ambao hujikusanya juu ya maji wakati wa utulivu na kuonekana kama misururu hafifu. Kanuni hiyohiyo imetumika kufuatilia mwani wa kijani wa Ulva prolifera katika Bahari ya Njano, ule uliofunika maji ya Qingdao mwaka 2008 muda mfupi kabla ya mashindano ya Olimpiki ya mashua. Katikati ya Atlantiki hatari ya kukosea ni ndogo kwa kuwa sagasamu ndiyo inayotawala, ila karibu na midomo ya mito mikubwa, ambako maji yana tope, ni vyema kutoiamini rangi kabla ya kulitazama umbo.

Sasa nifike kwenye mkusanyo wa siku saba, kwa sababu ndiyo sehemu inayotumiwa na watu wengi kuliko zote na ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote. Tropiki ni nchi ya mawingu. Picha ya siku moja inaweza kukosa zaidi ya nusu ya eneo unalolitaka, na sehemu nyingine huharibiwa na mng'aro wa jua pale linapoakisiwa moja kwa moja kuelekea kwenye kifaa. Suluhisho la SaWS ni kuunganisha picha za siku saba ili pengo la leo lijazwe na uwazi wa jana au wa juzi, na ramani inayotokea hupendeza, huwa imejaa, na huonekana kama ukweli wote. Tatizo ni kwamba mwani haukungoja. Mkondo wa nusu mita kwa sekunde, ambao si wa ajabu katika maji ya Karibi, husafirisha kitu kinachoelea kilomita 43 kwa siku na kilomita 300 hivi kwa wiki. Fungu moja lililoonekana Jumatatu na kuonekana tena Alhamisi linaweza kuwekwa katika ramani ileile mahali pawili, na msomaji asiyejua akahesabu mafungu mawili. Nimejifunza kuwa na shaka kila ninapoona nyuzi mbili zenye mkunjo unaofanana zimelala sambamba kwa umbali wa makumi ya kilomita. Nikizifungua picha za siku moja moja, mara nyingi nagundua kuwa ni mwani uleule uliopigwa picha mara mbili safarini. Ushauri wangu kwa mtumiaji mpya ni kuanza na picha ya siku, hata ikiwa na mapengo ya kukera, kisha ndipo aende kwenye mkusanyo.

Je, mtu afanye nini akitaka kulifuata fungu hilo? SaWS humpa nusu ya jibu kwa kuweka juu ya ramani mishale ya mikondo inayotokana na HYCOM, kielelezo cha kompyuta kinachoiga mwendo wa bahari, na kwa kuwa ramani zenyewe zinaweza kufunguliwa katika Google Earth, si kazi kubwa kupima umbali na kukadiria uelekeo. Nusu ya pili ni upepo, na hiyo mtumiaji huachiwa mwenyewe. Sehemu ya mwani hujitokeza juu ya maji na kushika upepo kama tanga dogo, na waigaji wa safari za sagasamu kwa kawaida huongeza asilimia 1 hadi 3 ya kasi ya upepo juu ya kasi ya mkondo. Idadi hiyo inaonekana ndogo mpaka uipigie hesabu: upepo wa mita 8 kwa sekunde, wa kawaida kabisa katika pepo zinazovuma daima kutoka mashariki, kwa asilimia 2 huongeza kilomita 14 kwa siku, na unaweza kuufanya mwani uvuke mkondo na kwenda mahali ambapo mishale ya ramani isingeupeleka. Anayefuata mishale peke yake, kwa hiyo, atautafuta mwani upande ambao haupo.

Watafiti wameujaribu ufuatiliaji wa kweli kwa kuweka vifaa vya GPS katikati ya mafungu ya mwani na kusoma mahali vilipo kupitia setilaiti. Maboya ya kawaida ya kupima mikondo hayafai sana kwa kazi hiyo, kwani huning'iniza tanga la majini katika kina cha mita 15 ili yafuate maji ya kina hicho, ilhali sagasamu huishi katika tabaka la juu kabisa. Maboya yaliyopoteza tanga hilo huenda kwa tabia inayokaribia zaidi ile ya mwani. Hata hivyo kila njia ya kufuatilia hugonga swali lilelile ambalo mimi huliona kuwa la kifalsafa kidogo: fungu la mwani ni kitu gani hasa? Hukatika vipande viwili, hivyo viwili hukutana na cha tatu, dhoruba huvizamisha kwa muda na kuviibua tena vikiwa vimetawanyika, sehemu iliyozeeka huzama moja kwa moja huku changa ikichipua. Baada ya wiki tatu, kifaa cha GPS kinaweza kuwa kimekaa katika mwani ambao karibu wote haukuwepo siku kilipowekwa. Naona SaWS inafanya vyema kutoahidi kitu ambacho bahari yenyewe haikitoi.

Natamani uaminifu huo ungekuwa wa wote. Katika msimu huohuo nililipia programu moja ya simu, ambayo sitaitaja, iliyodai kutabiri kwa kila ufuo na kwa kila saa kiasi cha mwani kitakachowasili. Ilikuwa na rangi za kuvutia na vielekezi vinavyocheza, ila haikusema popote data yake imetoka wapi, haikuonyesha mawingu hata siku ambazo picha zote za setilaiti zilikuwa zimefunikwa, na nilipoilinganisha na ramani za bure za siku saba nikakuta mabaka yaleyale, yamelainishwa kingo na kusukumwa mbele kwa mkondo pekee. Pengo lililofichwa ni baya kuliko pengo lililoachwa wazi, na niliacha kuilipia.

Njia mbadala zenye heshima zipo. NOAA, idara ya Marekani inayoshughulikia bahari na angahewa, hutoa ripoti ya hatari ya mwani kufika pwani ambayo hutumia kipimo hichohicho cha AFAI, hutazama hali ya mwani ndani ya kilomita 50 kutoka kila sehemu ya pwani, na kuipa ngazi ya chini, ya wastani au ya juu. Kwa msimamizi wa ufuo anayetaka kujua kama awaandae wafanyakazi wake, ripoti hiyo ni rahisi kusomeka kuliko ramani za SaWS, nami ningemshauri aanze nayo. Wengine huuliza kwa nini wasitumie setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya zenye nukta za mita 10 na 20, ambazo huonyesha hata msururu mmoja mmoja. Ni kweli huonyesha, na karibu na nchi kavu ni hazina. Lakini ratiba yake ya kupiga picha imepangwa kwa ajili ya nchi kavu, visiwa na maji ya pwani, hivyo katika bahari kuu, mahali ambapo mwani unapaswa kuonekana mapema, kwa kawaida hakuna picha ya kufungua. Landsat yenye nukta za mita 30 haitofautiani sana kwa jambo hilo. Sentinel-3, ambayo nukta zake ni za mita 300 na ambayo hupiga picha bahari kuu pia, ndiyo mshindani wa kweli, na ningependa kuona data yake ikiwekwa bega kwa bega na ya MODIS katika kila ramani.

Sehemu ya SaWS ninayoipenda kuliko zote haina mbwembwe yoyote: ni taarifa ya kila mwezi inayotolewa tangu mwaka 2018. Huwa fupi, hueleza mwani umeongezeka au umepungua katika kila ukanda mkubwa, huweka ramani ya mwezi huo kando ya ramani za mwezi uleule katika miaka iliyopita, kisha hutoa mtazamo wa miezi michache ijayo. Ulinganisho huo wa miaka ndio unaomfundisha msomaji. Mtu anayeona ramani ya Mei pekee hushtuka. Anayeiona kati ya ramani za Mei za miaka mingine huelewa kwamba msimu huanza kupanda majira ya kuchipua, hufikia kilele karibu na Juni au Julai na kushuka kuelekea mwisho wa mwaka, na kwamba mwaka 2013 mkanda haukuonekana kabisa. Waandishi wake hawaoni haya kusema kuwa mtazamo wao ni wa maeneo makubwa na hauwezi kumwambia mtu kitakachotokea katika ufuo wake wiki fulani. Kwa mipango ya bajeti, ya safari ndefu au ya utafiti, kurasa hizo chache zinanitosha kuliko ramani mia.

Wasiwasi wangu mkubwa hauhusu ukurasa wala rangi zake, bali vyombo vilivyo juu. Terra ilirushwa Desemba 1999 na Aqua Mei 2002, zote mbili zikikusudiwa kufanya kazi miaka sita. Mafuta yao ya kurekebishia njia yamebaki machache, na saa zao za kupita juu ya bahari zimeshaanza kuhama. Vifaa vya VIIRS, ambavyo cha kwanza kilirushwa mwaka 2011, vina mikanda ya mwanga inayokaribia sana ile ya MODIS na nukta za mita 750, kwa hiyo kipimo kinaweza kuhamia huko. Setilaiti ya PACE iliyorushwa Februari 2024 huugawa mwanga katika mikanda mingi zaidi na huenda ikasaidia kuitenganisha sagasamu na vitu vingine vinavyoelea. Thamani ya ulinganisho wa miaka, hata hivyo, hutegemea kipimo kibaki kilekile, maana tani za mwaka 2018 na za mwaka 2025 zinaweza kuwekwa pamoja kwa sababu tu zimepimwa kwa jicho moja. Siku jicho litakapobadilishwa nitaitazama taarifa ya kwanza ya mwezi kwa makini, nikitafuta aya itakayoeleza jinsi namba mpya zilivyopatanishwa na za zamani.